Mkate wa Aliyekanda

Asubuhi ile nilikuwa natunga uzi kwenye sindano za Mama. Mama ni fundi cherehani na macho yake ya karibu yamechoka, kwa hiyo kila siku kabla sijavaa sare namtungia sindano kumi za kushonea vifungo, nazichomeka kwenye kipande cha sponji, naye anazichomoa moja moja mpaka nirudi shule. Nilikuwa kwenye sindano ya saba niliposikia pikipiki ya mikate inasimama nje. Pikipiki ya mikate haijawahi kusimama kwetu. Hupita saa kumi na mbili na nusu ikipiga honi mara mbili, moja ya kumsalimia Mama na moja ya kumkera jirani anayelala mpaka saa nne, kisha huyo, inakwenda zake.

Nikatoka. Baba alikuwa nyuma, kati ya kreti, amekaa kama mzigo uliorudishwa na mteja. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, na unga kwenye nyusi ulimfanya aonekane mzee wa miaka tisini, naye ana arobaini na nne. Mwenzake wa tanurini, ambaye sote tunamwita Mchoma, alimshusha kwa kumkumbatia, akamwambia Mama, "Shemeji, ameanguka mbele ya mashine. Bahati yake kaangukia magunia." Halafu akampa Mama mikate miwili ya moto. Imetoka kwa Tajiri, mwenye kiwanda cha mikate, akasema. Tajiri amesema fundi akale ashibe, kazi ya kukanda haitaki mtu wa kupeperushwa na feni.

Mama akaipokea ile mikate kwa mikono miwili na kusema ahsante. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba tulisema ahsante.

Baba ni mkandaji. Miaka kumi na mbili amekanda unga kwenye kiwanda cha mikate nyuma ya soko, na mashine ya kukandia imeshamla sikio la kushoto. Ukitaka akusikie kaa kulia kwake. Mchana akirudi huja na haki yake ya mfanyakazi, mikate miwili iliyolala, na sisi tumekulia humo. Asubuhi mkate, jioni mkate, ukiumwa mkate wa kuloweka kwenye chai. Yeye mwenyewe ndiye hanenepi. Mtaani wanamwita Kijiti. Wakimuuliza inakuwaje mwoka mikate awe hivyo, anawajibu kwamba hata muuza majeneza hajalala ndani.

Utani ulikuwa wa nje. Ndani mambo yalikuwa mengine. Choo chetu tunachangia milango minne, na Baba alikuwa anakwenda mara nane kwa siku, mkono mmoja ukutani. Jirani wa mlango wa tatu alisema kwa sauti, ili tusikie, kwamba kuna watu humu wangefaa kulipia choo peke yao. Baba alicheka. Mama hakucheka, na tangu siku hiyo akawa anaosha choo kile kila jioni, hata zamu ikiwa si yake.

Kwenye zahanati walishampa dawa ya minyoo mara tatu. Kama minyoo ile ingekuwa imeajiriwa, ingekuwa imestaafu. Wakampa za vidonda vya tumbo, wakampa za kutuliza, wakamwambia apunguze mawazo. Mara ya mwisho, baada ya kuanguka, wakampima damu wakaona imeshuka sana, ndipo wakamwandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa kwa daktari bingwa wa tumbo. Tarehe ilikuwa miezi miwili na nusu mbele.

"Miezi miwili na nusu," Mama alisema, akihesabu kwa macho sare alizopaswa kushona. "Tumbo nalo litasubiri foleni."

*

Shangazi hakusubiri. Yeye ni msusi, na msusi husikia yote, kwa kuwa mtu akishaegemeza kichwa kwenye mapaja yako anamimina. Akaja Jumapili na habari za mtu anayetibu matumbo, ghorofani juu ya duka la simu. Watu wanamwita Dokta Majani. Mama akauliza amesomea wapi. Shangazi akasema, "Wifi, wale waliosoma wamemfanya nini kaka yangu?" Mama akafunika cherehani.

Tulikwenda wanne. Dokta Majani alivaa koti jeupe refu, na Mama alipoliona alinikanyaga mguu. Baadaye nyumbani alisema, "Lile koti nimelishona mimi, mwaka juzi. Alisema anafungua bucha."

Lakini yule muuza nyama alimkalisha Baba kwenye kiti kizuri, akahamia upande wa kulia alipoambiwa habari ya sikio, akamuuliza. Unakula nini asubuhi? Na mchana? Tumbo linajaa upepo saa ngapi? Unalala? Unaamka umechoka? Choo kina rangi gani, kinaelea au kinazama? Baba aliona haya, akanitazama mimi, nikatazama dirisha. Dakika arobaini. Miaka yote ile, mtu wa kwanza kumuuliza Baba anakula nini alikuwa mtu aliyetaka kufungua bucha.

Kisha akatoa kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, kimetobolewa kwa misumari, akamimina maji upande mmoja. Maji yakachirizika kwenye beseni kwa matundu ishirini. "Huu ndio utumbo wako, kaka. Unavuja. Chakula hakifiki kinakokwenda, kinatorokea kwenye damu, na damu inapigana nacho." Dawa yake ni kuziba matundu. Kwanza, aache ngano, maziwa na sukari. Pili, unga wa kijani, kijiko asubuhi na jioni, makopo manne kwa kuanzia.

Mama alikuwa ameweka akiba ya mashine ya kufunga kingo za nguo. Akailipa yote pale pale, hata hakuomba kupunguziwa. Nilimwona anavyotoa noti, kama mtu anayejifumua mshono.

Na Baba akapona. Sisemi alipata nafuu, nasema alipona. Wiki ya tatu alikwenda choo mara moja kama binadamu wengine. Wiki ya tano mashavu yalirudi, akaanza tena kuimba anaponawa, zile nyimbo zake zisizo na maneno. Shangazi akasema ni unga wa kijani. Mama, aliyeuonja, akasema ule unga ni nyasi tupu, kinachomponya mume wake ni kuacha ngano. Walibishana hilo kila Jumapili na hakuna aliyemshinda mwenzake. Mimi nilikuwa nafurahi tu kusikia Baba anaimba.

*

Ila palikuwa na jambo moja. Pale kiwandani, mkate wa kwanza unaotoka tanurini hukatwa ncha, na ile ncha huliwa na aliyekanda, mbele ya wenzake na mbele ya wachuuzi wanaosubiri mlangoni na beseni zao. Zamani za baba yake Tajiri kuna mkandaji alichanganya magadi ya kufulia badala ya hamira, watu wakalazwa. Tangu hapo ikawa sheria. Aliyekanda aanze. Asipoanza, mchuuzi hapakii hata mkate mmoja.

Baba hakutaka kumwambia Tajiri. Utamwambiaje mwenye mikate kwamba mikate inakuua? Kwa hiyo Mama akashona mfuko ndani ya aproni, chini ya kifua, akautandika nailoni ili usilowe. Baba anauma ncha mbele ya watu, anatafuna, anatikisa kichwa kwamba mkate uko sawa, anageuka kama anajifuta mdomo, anautemea mfukoni. Alirudi siku ya kwanza akatuonyesha, tukacheka mpaka Mama akashika mbavu. "Mke wangu ameniwekea utumbo wa pili," alisema, "na huu hauvuji."

Wiki nane haukuvuja. Yaliyotokea baada ya hapo alinisimulia Mchoma, na nayaona kama vile nilikuwepo. Wiki ya tisa Baba aliinama kunyanyua gunia, mfuko ukabinuka, na kile kitonge cha mkate uliotafunwa kikadondoka sakafuni, mbele kabisa ya miguu ya mchuuzi mmoja mama mnene anayenunua kreti sita kila siku. Yule mama akakitazama. Akamtazama Baba. Akauliza taratibu, "Aliyekanda anatema? Mmetia nini humu ndani?"

Asubuhi ile hakuna aliyepakia. Mikate mia nne ililala.

Tajiri hakupiga kelele, ndivyo alivyo. Alimwita Baba ofisini, akamwambia akae, akakaa upande wa kushoto makusudi ili Baba ahangaike kugeuza shingo. Baba akamweleza ukweli, tumbo, ngano, yule mtabibu wa ghorofani. Tajiri akamsikiliza huku anachokonoa meno. "Fundi," akasema, "niletee barua ya daktari. Daktari wa kweli, si wa majani. Daktari akiandika kwamba hutakiwi kula ngano, nakuhamishia kwenye pikipiki ugawe mikate, mshahara ule ule. Mpaka hapo mkandaji mwenzako atakula ncha badala yako. Usipoleta, mwisho wa mwezi unakula mbele ya watu kama wenzako wote. Au unaacha kazi."

Tarehe ya hospitali ilikuwa wiki inayofuata. Baba alirudi amechangamka. "Mungu amepanga," alisema. "Barua tu. Ninachotaka ni barua."

*

Nilikwenda naye mimi. Mama alikuwa na sare hamsini za kumaliza, na mtu wa kukaa kulia kwa Baba ni lazima awepo, amrudie maneno ya daktari. Mimi si msemaji. Darasani mwalimu amezoea kusema kwamba siku nitakayonyoosha mkono mvua itanyesha. Lakini kwa Baba mimi ndiye sikio.

Tulifika saa kumi na moja na nusu alfajiri, tukaingia saa sita. Feni ya chumba cha daktari ilikuwa mbovu, kwa hiyo mlango waliuacha wazi, na sisi kwenye benchi tuliona na kusikia kila kitu. Aliyetutangulia alikuwa mama mmoja wa makamo. Daktari alimwambia aweke mezani dawa zote anazotumia, na yule mama, kwa utii, akatoa kwenye mkoba kopo la unga wa kijani. Lile lile la kwetu.

Daktari akalinyanyua kwa vidole viwili. Akamwita muuguzi aje aone. "Utumbo unaovuja," akasoma, akicheka. "Mama, utumbo si mpira wa bustani. Hakuna ugonjwa wa jina hilo. Mnakwenda kwa matapeli wanawakamua mpaka tone la mwisho, halafu mnaniletea mimi mabaki." Muuguzi akacheka. Wawili watatu kwenye benchi nao wakacheka, wale wanaocheka ili waonekane hawahusiki. Yule mama alitoka kopo amelificha chini ya kanga, machozi yanamlenga, hata karatasi yake ya dawa akaisahau mezani.

Ukutani juu ya mlango walikuwa wamebandika tangazo kubwa: Mficha maradhi kilio humuumbua.

Tukaingia. Lazima niseme haki: yule daktari si mjinga. Alisoma karatasi bila kuinua macho, damu imeshuka, mwembamba, miaka mingi ya kuharisha, akauliza kazi. Nikasema mwoka mikate. Hapo aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Kuna watu," akasema, "si wengi, miili yao inagombana na ngano. Wakila, ngozi ya ndani ya utumbo inaliwa kidogo kidogo. Hao ndio utumbo wao huharibika kweli. Nataka apimwe damu tuone." Akachukua fomu. "Mkate anakula?"

Nilikuwa na majibu mawili mdomoni. Nikakumbuka lile kopo kwenye vidole viwili. Nikamwona Baba alivyovaa shati lake la Idi na harusi, limepigwa pasi, kola imesimama, na nikajua kwamba nikitaja ghorofa ya duka la simu muuguzi ataitwa tena.

"Kila siku, Daktari," nikasema. "Mbele ya watu."

"Na hakuna majani, unga, takataka za mitaani?"

"Hakuna."

Baba akanigusa, akauliza daktari amesema nini. Nikamwambia anauliza kama unakunywa dawa vizuri. Baba akatabasamu, akamjibu daktari kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia, "Vizuri sana, Daktari."

Mwaka mzima sijafungua mdomo mbele ya mtu mzima nisiyemjua, na siku niliyofungua, nikasema uongo mara tatu.

*

Majibu yalitoka siku ya kumi. Safari hii tulikaa chumbani dakika mbili, nilizihesabu kwenye saa ya ukutani. Daktari akasema damu haina ugomvi wowote na ngano. Baba akaomba ile barua. Nilimrudishia daktari maneno vizuri, kwamba mwajiri anataka, kwamba ni mistari miwili tu.

"Barua ya nini? Niandike kwamba mtu mzima asile mkate wakati kipimo changu kinasema ale?" Akaandika vidonge vya damu na vya kutuliza mawazo. "Mzee, kula mkate wako kwa amani. Ni mawazo hayo."

Nikamrudia Baba. Akaniambia nimjibu ahsante. Nikamjibu ahsante.

Njiani Baba alikuwa anajaribu kufurahi. Kama kipimo kimesema, basi kimesema, mashine haina chuki na mtu. Pengine matundu yamezibika, pengine Shangazi alikuwa sahihi, pengine nyasi si nyasi. Tulipopita dukani alinunua andazi, akalila lote huku anatembea, akalamba vidole. Nilimwangalia. Mpaka hapo sikujua nimefanya nini, ila mwili wangu ulishaanza kujua.

Jumatatu Tajiri aliwakusanya wote, wakandaji, wachomaji, wafungaji, na wachuuzi akawaita waingie ndani. Aproni ya Mama aliitupa, akampa Baba mpya, isiyo na mfuko hata mmoja. Kisha hakukata ncha. Alimpa mkate mzima. "Daktari wa kweli amesema ule," akamwambia. "Kula, fundi, wenye mali wanasubiri." Mchoma anasema ilichukua muda mrefu, kwa kuwa mkate wa moto haumezeki haraka, na Baba alikula akitabasamu, anageuka kila upande ili kila mtu amwone anavyomeza. Yule mama mnene ndiye aliyesema imetosha. Tajiri akasema bado.

Jumatano Baba alirudi kwenye mara nane kwa siku.

*

Shangazi akaja na ujumbe. Dokta Majani amesema sumu inatoka, ni dalili njema, sasa panahitajika makopo sita ya kusafisha. Mama alikuwa anakata kola. Hakuinua kichwa. "Wifi, niuze nini tena? Sindano?" Shangazi akasema kaka yake akifa asije akalaumiwa yeye. Mama akasema akifa atakufa ameshiba nyasi. Hapo Shangazi akalia, Mama naye akalia, halafu wakashindana nani aliyeanza kumpenda Baba.

Mimi nilikuwa chini, nachora kola kwa chaki. Mama hana hela ya makaratasi magumu, kila karatasi nene inayoingia ndani inageuka kipimo cha kola au cha mfuko: kalenda, kadi za harusi, majalada. Safari ile alikuwa amekata karatasi ya hospitali, nakala ya fomu ya kipimo, ya rangi ya waridi. Nikaigeuza ili chaki ishike vizuri, nikaona nyuma kuna maandishi madogo kama mayai ya sisimizi.

Kola ilikuwa imekata nusu ya maneno. Nikatafuta vipande vingine chini ya cherehani, nikaviunganisha sakafuni. Mgonjwa awe anakula ngano kila siku kwa wiki zisizopungua sita kabla ya kutolewa damu. Aliyeacha ngano anaweza kupata jibu lisilo sahihi. Na chini yake kisanduku: Mgonjwa ameelezwa? Kulikuwa na alama ya kalamu ya bluu. Ndiyo.

Nilisoma mara nne. Kisha nikamwambia Mama, yote, pamoja na kopo na vidole viwili. Nilitegemea kofi. Mama akaweka mkasi chini. "Na mimi ndiye niliyeushona ule mfuko," akasema. Shangazi akasema yeye ndiye aliyempeleka ghorofani. Baba alipotoka chooni nikakaa kulia kwake nikamsimulia, akaegemea ukuta, na kitu cha kwanza alichofanya ni kucheka, kicheko kidogo kisicho na pumzi.

"Kumbe nilikuwa natema ushahidi," alisema.

Halafu akasema kosa ni lake, angemwambia daktari mwenyewe, kwani hana mdomo? Nikawatazama wote watatu. Tulikuwa tunagawana kosa kama mkate, kila mtu na kipande chake, na wenyewe hasa hawakuwepo mezani. Aliyeweka alama ya bluu bila kufungua mdomo hakuwepo. Aliyecheka mlango ukiwa wazi hakuwepo. Nilikasirika mpaka meno yakauma. Sijui kukasirika kwa sauti, kwa hiyo nilivaa viatu.

*

Kwa Dokta Majani nilifika kwanza, maana ni karibu. Nilimwomba jambo moja, aje hospitali aseme Baba aliacha ngano tangu lini, kwa kuwa maneno yangu hayana uzito tena. Alikuwa anapanga makopo. Hakushangaa hata kidogo.

"Vipimo vyao vinajulikana, mdogo wangu. Lazima mtu awe anakula, la sivyo havioni kitu."

Nikamuuliza kama alijua, na kama Shangazi alimtajia tarehe. Akasema alimtajia.

"Sasa mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia arudie sumu?" Akageuza kopo ili jina litazame mbele. "Na mngerudi kwangu tena?"

Hospitali sikuvuka dirisha la mapokezi. Karani, bila ubaya, aliniambia daktari haonwi ovyo, tarehe iliyo wazi ni wiki kumi na moja mbele. Nikamuuliza hadi hapo Baba aendelee kula ngano au aache. Akasema yeye si daktari. Nikamweleza kwa sauti yangu ndogo, watu nyuma yangu wakisonya, kwamba akiacha leo kipimo hakitaona kitu, akiendelea wiki kumi na moja hatafika, na kinachotosha ni sita. Ninachotaka ni tarehe ya wiki ya sita. Akanihurumia, nadhani. Akanionyesha namba iliyobandikwa kwenye kioo, namba ya ujumbe ya kliniki ya tumbo. Daktari mwenyewe huzisoma, alisema.

Tukakubaliana nyumbani kwamba Baba aendelee. Kwa Tajiri lazima ale, basi ale kwa hesabu. Mchoma alishajaribu kumkatia kipande chembamba, Tajiri akaona, akamwambia mkate si wa kuonja. Siku moja Baba alikaa chini karibu na magunia mpaka zamu ikaisha, na wenzake wakakanda huku wamesimama mbele yake, wamemkinga kwa migongo, Tajiri asimwone.

Jumatatu ya wiki iliyopita niliandika ujumbe kwenye simu ya Mama. Niliuandika mara tatu, kila mara Baba akitaka niondoe maneno makali, nikayaondoa, nikayarudisha. Niliotuma ni huu:

"Daktari shikamoo. Mimi ni binti wa yule mwoka mikate asiyesikia sikio la kushoto. Nilikudanganya. Ulipouliza nilisema Baba anakula mkate kila siku. Alikuwa anautema. Aliacha ngano wiki kumi kabla ya kutolewa damu, na alikuwa amepona. Nilidanganya kwa sababu ulimcheka yule mama mwenye kopo na tulikuwa tunaona. Sasa anakula kila siku kwa sababu kipimo chako kilisema ale, na ameanza tena kuharisha na kuanguka. Leo ni siku ya ishirini na sita. Akifika ya arobaini na mbili tunaomba apimwe tena, siku hiyo hiyo, ili asile hata siku moja ya ziada. Anataka barua tu, mistari miwili. Kwenye karatasi yenu kuna alama kwamba alielezwa. Hakuelezwa. Tafadhali nijibu."

Siku ile ile simu ilionyesha umefika. Alhamisi alama zilibadilika rangi. Umesomwa.

Leo ni Ijumaa ya wiki ya pili, siku ya thelathini na saba. Simu iko kwenye meza ya cherehani, kioo juu, karibu na sponji. Nimemtungia Mama sindano tisa. Mama anaitazama simu kila anapochomoa sindano, kisha anaendelea na kifungo. Saa kumi na mbili na nusu pikipiki ya mikate imepita, imepiga honi mara mbili kama kawaida yake, na maana yake ni kwamba mkate wa kwanza umeshaliwa.